Mhadhara wa Wazi ni wa Nani? Hisabati kutoka London ya 1597 hadi Dzaleka

Mhadhara wa wazi wa hisabati ni ule ambao chuo kikuu humruhusu hata mwanafunzi wa sekondari kuingia na kusikiliza. Katika insha hii naonyesha kwamba historia ya mihadhara hiyo inategemea mambo mawili: mlango na lugha.

Tuanze na lugha. Chuo cha Gresham, London, kilianza kufundisha mwaka 1597 kutokana na wasia wa mfanyabiashara Thomas Gresham. Hakikutoa shahada wala kudai ada. Profesa wake wa kwanza wa jiometri alikuwa Henry Briggs. Wakati huo elimu ya juu ilikuwa ya Kilatini, lakini Gresham walifundisha asubuhi kwa Kilatini na mchana kwa Kiingereza, lugha ya mabaharia na mafundi wa mji. John Napier alipochapisha logarithimu zake kwa Kilatini mwaka 1614, Edward Wright alizitafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 1616 kwa msaada wa Briggs. Nahodha asiyejua Kilatini akapata njia rahisi ya kupiga hesabu za safari.

Kuhusu mlango, tutazame mwaka 1978. London, Christopher Zeeman alitoa mihadhara ya Krismasi ya Royal Institution kwa vijana, ya kwanza katika mfululizo huo kuhusu hisabati, na ikaonyeshwa kwenye televisheni. Moscow, mwaka huohuo, vijana Wayahudi walikuwa wakikataliwa kitivo cha hisabati cha chuo kikuu. Bella Subbotovskaya akaanzisha masomo nyumbani kwake, na wanahisabati kama Dmitry Fuchs wakaja kufundisha. Masomo hayo yalidumu hadi 1983. Mlango ulipofungwa, mhadhara ulihama.

Sasa nije kwetu. Dzaleka, wilayani Dowa, ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Malawi haina kidato cha tano na cha sita kama Tanzania. Mwanafunzi hufanya mtihani wa MSCE kidato cha nne, kisha huomba chuo. Nikiwa kidato hicho, chuo kimoja cha Lilongwe kilitangaza mhadhara wa hisabati: wote mnakaribishwa. Lilongwe haifiki kilomita 60, lakini mkimbizi huhitaji kibali kutoka kambini, na changu kilitoka wiki moja baada ya mhadhara. Mwenzangu Mmalawi wa kijiji cha jirani alikwenda, akarudi na daftari. Jioni tulikaa watano, yeye akisoma kwa Kiingereza, mimi nikieleza kwa Kiswahili kwa nini namba tasa hazina mwisho: zidisha zote ulizonazo, ongeza moja, na jibu halitagawanyika kwa hata moja kati ya hizo. Kijana aliyekuwa kimya darasani muda wote ndiye aliyeuliza maswali mengi.

Tangu 2010 masomo ya chuo kikuu yanapatikana Dzaleka kwa intaneti kupitia Wajesuiti. Kwa hiyo wahadhiri wa kutosha tayari wanaishi kambini: ni sisi. Napendekeza mhadhara mmoja kila mwezi, Jumamosi, kwa Kiingereza cha mtihani na Kiswahili cha kuelewa. Chumba kimoja na ubao vinatosha, na hakuna atakayehitaji kibali.