Kabla ya Kayaki: Historia Fupi ya Mikoko Yetu

Ukifika Watamu siku hizi na una pesa mfukoni, unaweza kununua machweo. Biashara yenyewe iko hivi. Alasiri unakutana na kiongozi ukingoni mwa hori ya Mida, huo mkono wa bahari ulioingia bara nyuma ya mji. Unavalishwa jaketi la kuokolea, unapewa kayaki ya plastiki na kafi yenye bapa mbili, kisha mnapiga makafi taratibu katikati ya mikoko mpaka jua litue. Baadaye mnapandishwa mchangani. Moto umekwisha kuwashwa, samaki yuko juu ya makaa, wali wa nazi umefunikwa. Mgeni anakula, anapiga picha, anakwenda kulala. Na mara nyingi anaondoka akiamini kwamba amejionea pori ambalo mkono wa mtu haujaligusa.

Sina ugomvi na mgeni huyo. Ametoa pesa yake na amepata raha yake. Ugomvi wangu ni na hiyo imani ya pori lisiloguswa. Ndugu msomaji, ni sehemu chache za mwambao wetu zilizoguswa kama mikoko. Imekatwa, imehesabiwa, imepakiwa, imechomwa, imevuliwa magome, tena kwa zaidi ya miaka elfu moja. Sisi vijana tunaoota kuandika riwaya za pwani hatuna budi kuijua habari hiyo kabla ya kuanza kusifia rangi za jua. Tusipoijua tutaandika kama watalii, na hali sisi ni wenyeji.

Tuanze mbali. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika habari za Siraf, bandari tajiri ya Ghuba ya Uajemi. Alisema nyumba za huko zilikuwa za ghorofa, zimejengwa kwa msaji na kwa mbao zilizoletwa kutoka nchi ya Zanj. Zanj ndiyo sisi, watu wa pwani hii. Kumbe wakati ule mji wa watu wengine ulikuwa umesimama juu ya miti ya kwetu. Ghuba ni nchi ya joto na mchanga, miti mirefu ni adimu. Mwambao wetu ulikuwa na mti ulionyooka, mgumu, usioliwa ovyo na mchwa. Mwenye haja na mwenye mali wakakutana.

Hata nyumba zetu wenyewe zilipimwa kwa mti huo. Ingia katika nyumba yoyote ya mawe ya zamani, Lamu kwa mfano, utaona vyumba virefu lakini vyembamba kama ushoroba. Watu hudhani ni mtindo tu. Si mtindo, ni boriti. Dari ya mawe na chokaa ni mzigo mzito, na boriti ya mkoko haiwezi kuubeba ikizidi kiasi cha mita 2.5 hadi 3. Basi fundi hakuwa na la kufanya: urefu wa chumba aliuamua mwenye nyumba, upana uliamuliwa na mti. Nayo chokaa ilitaka tanuru, na tanuru lilitaka kuni, na kuni za mikoko ni katika zile zinazowaka vizuri kabisa. Magofu ya Gede, mji ulioachwa na watu wake katika karne ya 17 na ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, yako kilomita chache tu kutoka Mida. Anayepiga kafi horini jioni yuko karibu na mji wa mawe na chokaa kuliko anavyofikiri.

Ile tunayoiita mikoko kwa jumla, wakataji waliijua kwa jina mojamoja. Kuna mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya kaa. Kuna mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi, msikundazi, kikandaa. Kila mmoja na kazi yake. Mlilana, kwa mfano, ulitafutwa kwa mataruma, yaani mbavu za chombo. Mti ukishakatwa ulipewa jina jipya kwa unene wake, kuanzia mwembamba: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Hesabu ilikwenda kwa korija, na korija moja ni miti 20. Haya si maneno ya kamusi tu. Ni lugha ya kazi, na kazi ikifa lugha yake huifuata kaburini. Vijana wangapi wa mjini leo wanaweza kutofautisha pau na mazio? Haidhuru, lakini riwaya ya pwani isiyojua tofauti hiyo itakuwa na nyumba zisizo na dari.

Biashara hii iliendeshwa na upepo. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi, yakileta tende na chumvi. Yakakaa kwetu yakiuza na kununua, kisha kusi lilipoanza kuvuma yakarudi yamejaa boriti. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia kutoka Australia, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililoingia delta ya Rufiji, Tanganyika ya wakati huo, kupakia miti ya mikoko. Kitabu chake, Sons of Sinbad, kilichapishwa mwaka 1940, na mtu yeyote anayetaka kujua maisha ya vyombo vile akisome. Lakini aangalie jambo moja: mwandishi yuko juu ya jahazi. Macho yake ni ya baharini. Tunahitaji na kitabu cha pili, cha yule aliyesimama kwenye tope na shoka mkononi. Kitabu hicho sijakiona. Natumaini mmoja wetu atakiandika.

Watawala nao hawakukaa nyuma. Wajerumani kule Rufiji waliuza magome ya mikoko Ulaya kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Kenya, mwaka 1932, serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko kuwa msitu wa serikali. Tangu hapo mtu aliyekata mti ambao babu yake aliukata bila kuuliza alitakiwa kuwa na kibali.

Kisha soko likafa. Mwaka 1946 Kuwait ilianza kusafirisha mafuta nje. Mafuta yakaleta pesa, pesa ikaleta saruji na chuma, na nyumba za Ghuba hazikuhitaji tena dari ya boriti. Majahazi yakapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kabisa kuuza boriti nchi za nje. Huko nyuma, mwaka 1968, bahari ya Watamu na Malindi ilikuwa imekwisha kutengwa kuwa hifadhi. Mti uliokuwa mali kwa kukatwa sasa ukawa mali kwa kutazamwa. Hapo ndipo kayaki ilipopata njia.

Na kayaki yenyewe ina historia ya kuchekesha. Si chombo cha mikokoni hata kidogo. Ni chombo cha Wainuiti, watu wa nchi za barafu huko kaskazini ya dunia. Kwao miti haioti, basi waliokota magogo yaliyoletwa na mawimbi, wakaunda mifupa ya chombo na kuivika ngozi za sili. Kilikuwa chombo cha mwindaji, chembamba, chepesi, kisicho na kelele. Leo ngozi imekuwa plastiki, na chombo cha watu wasio na miti kimekuja kupita katikati ya miti yetu. Sisi tulikuwa na mtumbwi uliochongwa kutoka gogo moja, pamoja na kafi na pondo. Mtumbwi ni mzito kuliko kayaki, lakini hubeba mtu, nyavu, na mzigo wa fito. Kayaki hubeba mtu na macho yake tu. Tofauti ya vyombo hivi viwili ndiyo tofauti ya nyakati mbili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Mgeni ameuziwa jua, lakini hori haiendeshwi na jua. Inaendeshwa na mwezi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ni siku za bamvua. Maji huja kwa nguvu, na Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Katika mwambao wetu siku hizo maji hujaa karibu saa kumi alasiri, asubuhi yakiwa yamepwa. Basi mgeni wa siku ya bamvua ana bahati. Anaingia mikokoni maji yakiwa juu ya mizizi, anatoka nayo yanapoanza kushuka, jua linazama baada ya saa kumi na mbili, na kama mwezi ni mpevu, unachomoza upande wa pili wakati uleule.

Lakini ngoja wiki moja tu, yaje maji mafu. Mambo yote yamegeuka. Maji yalijaa asubuhi, na alasiri ileile ya saa kumi yamepwa. Jua linatua kwa uzuri uleule, lakini vijito vya ndani bado ni tope na mizizi. Kayaki haipiti. Kiongozi asiyejua hesabu hii atawakwamisha wageni wake, wapigwe na mbu mpaka usiku. Anayeijua atabadilisha njia, au atabadilisha saa, au atasema wazi kwamba leo haiwezekani.

Na hesabu hii aliipata wapi? Hakuipata kwenye karatasi za hoteli. Ni hesabu ileile ya mkataji wa boriti, aliyeingia na maji, akakata yakiwa yamepwa, akapakia yakirudi. Ni hesabu ya mvuvi na ya mama anayetafuta chaza. Kinachouzwa kwa jina la machweo, ukikichunguza, ni elimu ya wazee. Plastiki mtu anaweza kuagiza kutoka nchi yoyote. Elimu hiyo hauagizi.

Hata kile chakula cha mchangani si kitu kipya, bwana. Wavuvi wetu wana neno dago, kambi wanayopiga mbali na kwao wakifuata samaki. Wapemba wamekwenda dago katika pwani ya Kenya vizazi na vizazi. Wakataji wa mikoko wa Lamu nao walikwenda na mashua wakakaa hukohuko siku nyingi. Jioni moto, samaki wa kuchoma, hadithi, usingizi juu ya mchanga. Tofauti ni kwamba mtu wa dago alikula pale kwa sababu nyumbani kulikuwa mbali, na mtalii anakula pale kwa sababu anataka ajihisi yuko mbali na nyumbani. Moto ni uleule, na aliyeuwasha pengine ni mjukuu wa yuleyule.

Kwa hiyo swali langu si kama kayaki ni nzuri au mbaya. Swali ni hili: nani analipwa kwa elimu ya mwezi na maji? Ukiitazama historia utaona kila zama mgeni ndiye aliyeamua mkoko una thamani gani. Alitaka boriti, tukamkatia. Alitaka magome, tukamvulia. Sasa anataka mandhari, tunampigia kafi. Na kila mara mtu wa tope alikuwa wa mwisho kushika pesa. Kijana anayeongoza safari kwa ujira wa siku, bila kuwa na chombo hata kimoja chake, yuko palepale alipokuwa babu yake akihesabu korija za jahazi la mtu mwingine.

Lakini haikuandikwa kwamba lazima iwe hivyo. Gazi, kusini ya Mombasa, mikoko iliharibiwa vibaya miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani. Kuanzia mwaka 1991 watafiti wakishirikiana na wanakijiji walianza kuipanda upya. Mwaka 2013 kijiji kikaanzisha mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni ambayo mikoko hiyo huihifadhi. Fedha zimekwenda kwenye maji na shule. Wanawake wa hapo nao wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko, wageni hutembea juu yake, kisha hupikiwa chakula cha Kiswahili. Mgeni ni yuleyule na samaki ni yuleyule, lakini mkoba uko mkononi mwa mwenyeji.

Upande wetu sisi tunaoandika kuna kazi, na haiwezi kungoja. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1982, boriti zilipokatazwa kwenda nje, leo amekwisha vuka sitini. Aliyemfundisha kazi pengine yuko chini ya ardhi. Nenda ukakae naye barazani. Muulize jina la kila kijito, mti gani ulifaa taruma na upi haukufaa, korija ilikwenda bei gani, nahodha alidanganya vipi katika hesabu, na wao walimdanganya vipi yeye. Chukua daftari. Hoteli zina picha za kutosha za jua likitua. Majina ya vijito yako katika vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka.