Filamu bubu iliyopotea

Jioni moja huko Lobule, wilayani Koboko nchini Uganda, spika ya kibanda cha video iligoma. Picha iliendelea kukimbia: watu wanafukuzana, midomo inachezacheza, sauti hakuna. Mwenye kibanda akawa anahangaika na nyaya, ndipo kijana mmoja wa benchi la mbele akamwambia, “Yaya, filamu imekuwa bubu. Sema wewe!” Yaya kwa Kiswahili cha Kongo si mlezi wa watoto, ni kaka au dada mkubwa. Lobule iko mpakani na ina makazi ya wakimbizi kutoka Kongo, kwa hiyo Kiswahili hicho utakisikia huko pamoja na Kikakwa na Kilingala. Mwenye kibanda akaziacha nyaya, akasimama kando ya skrini, akasema. Alimsemea jambazi, akamsemea polisi, akamsemea hata mbwa. Nusu ya aliyoyasema hayakuwamo kwenye filamu, na hakuna aliyedai arudishiwe kiingilio.

Neno la yule kijana hunijia kila niwaonapo wafasiri wakivutana kuhusu zile filamu zilizotawala sinema hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, ambazo utepe wake ulibeba picha peke yake. Wapo wanaoziita filamu bubu. Wapo wanaopendelea filamu za kimya, kwa kuona kwamba bubu ni neno la mitaani, tena linaudhi. Kwa upande wa kuudhi nawakubalia: kiziwi ana lugha yake ya alama, na kumwita bubu ni kumvunjia heshima. Lakini filamu si mtu, haivunjiki heshima.

Kimya ni hali ya mahali. Nyumba iko kimya, soko limekuwa kimya, mwalimu akiingia darasa zima kimya. Kumbi za sinema za enzi hizo hazikuwa hivyo hata kidogo. Palikuwa na mpiga piano au bendi nzima. Kati ya picha na picha vilipita vibao vya maandishi, na aliyejua kusoma alimsomea jirani yake. Huko Japani alikuwapo msimuliaji aitwaye benshi, aliyesimama kando ya pazia akiwasemea wahusika wote, na watu wengine walikwenda kumsikiliza yeye kuliko kutazama picha. Kwetu kazi hiyo haijafa: Kampala ina VJ Jingo, Kenya ina DJ Afro, na Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu. Hao husemea juu ya filamu zenye sauti zake, lakini ufundi ni ule ule wa mwenye kibanda wa Lobule.

Basi kilichokosa sauti ni utepe, ukumbi ulijaa kelele. Kiswahili kinajua kutumia neno bubu kwa vitu. Kile kisanduku cha akiba kinachomeza sarafu tunakiita kibubu, wala hakuna aliyewahi kulalamika. Filamu bubu ni istilahi sahihi. Filamu ya kimya inaueleza ukumbi ambao haukuwapo.

Neno la pili ndilo gumu zaidi: iliyopotea. Chukua mfano wa The Undying Flame, yaani Mwali Usiozimika, drama ya Marekani ya mwaka 1917. Mwongozaji wake alikuwa Mfaransa Maurice Tourneur, na nyota wake Olga Petrova, mwanamke aliyejinadi kwa jina la Kirusi ilhali alizaliwa Uingereza akaitwa Muriel Harding. Ni hadithi ya mapenzi ya zama mbili. Katika Misri ya kale binti mfalme anampenda mchungaji, na penzi lao linakatizwa. Karne nyingi baadaye nyuso zile zile zinarudi: Petrova sasa ni binti wa jenerali wa Kiingereza, na Mahlon Hamilton, aliyekuwa mchungaji, ni kapteni. Penzi lilivuka maelfu ya miaka, utepe haukuvuka hata karne moja.

Sababu yake ni ya kikemia. Utepe wa wakati huo ulitengenezwa kwa nitreti. Ukishika moto hujitolea oksijeni wenyewe, hata maji hayauzimi. Usiposhika moto, huoza taratibu ukawa unga. Na watu waliusaidia kufa: sauti ilipoingia, kampuni ziliona filamu bubu ni mzigo stoo, nyingine zikayeyushwa ili kupata fedha iliyomo, ile fedha ya kufulia pete na bangili. Utafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani wa mwaka 2013 ulihesabu filamu ndefu bubu za nchi hiyo takriban 11,000, na zilizobaki kamili katika umbo lake la asili ni asilimia 14 tu.

Kwa hesabu hiyo mtu atasema tuandike filamu iliyoangamia. Mimi nakataa. Kuangamia ni mwisho. Kupotea, kwa Kiswahili, kuna mlango: rafiki usiyemwona miezi sita unamwambia “Umepotea sana!” naye yuko mbele yako anacheka. Mwaka 1978, huko Dawson City nchini Kanada, mamia ya mikebe ya filamu yalifukuliwa ardhini, chini ya bwawa la zamani la kuogelea, baridi ikiwa imeyahifadhi. Mwaka 2008 sehemu kubwa ya filamu bubu Metropolis iliyokuwa haijulikani ilipo ilikutwa Buenos Aires. Hizo zilipotea, kisha zikabisha hodi.

Nasi tunazo zetu. Kati ya 1935 na 1937, Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa Bekefilm chini ya Meja Notcutt ulitengeneza filamu zipatazo 35 kwa ajili ya watazamaji wa Afrika Mashariki na ya Kati. Utepe ulikuwa bubu, maneno yakichezwa kwa santuri, Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha zake. Filamu ya kwanza iliwahimiza watu waweke fedha Benki ya Akiba ya Posta badala ya kuzificha nyumbani. Waliowafundisha wenzao kuweka akiba hawakuiweka kazi yao wenyewe: zinazojulikana kubaki zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikuandikia “filamu bubu iliyopotea”, usimkate alama.