Kebo Ilifika 2009, Geti la Duka Bado Liko Wazi

Kuna sentensi moja nimeichoka kabisa: "Duka langu ni dogo, nani atanidukua?" Utaiskia kwa chemist, kwa hadwea, kwa saluni, hata kwa ofisi za mawakili kule mjini. Na siwacheki wanaoisema, kwa sababu kuna wakati ilikuwa kweli.

Kama umezaliwa baada ya 2000, hebu vuta picha. Ofisi ndogo ya Nairobi mwishoni mwa miaka ya tisini ilipata intaneti kupitia laini ya simu ya mezani. Modemu inapiga, inalia kama paka amekanyagwa mkia, ndio uingie. Mtu mwingine akitaka kupiga simu, angoje. Kila dakika inalipiwa, kwa hivyo unavuta barua pepe zako, unatuma zako, unakata. Kutoka nje ya nchi ilikuwa ni kwa setilaiti, na bei yake ilikuwa ya kuumiza. Halafu kuna hii inayonichekesha kila mara: barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda nyingine hapo hapo Nairobi ilipanda angani, ikazunguka ng'ambo, ndipo ikarudi mtaa wa pili. Kampuni zilipojiundia kituo cha kubadilishana data, KIXP, mwishoni mwa 2000, kilifungwa baada ya muda mfupi tu kwa sababu Telkom ililalamika kwamba hiyo ilikuwa kazi yake peke yake kisheria. Kilirudi 2002.

Sasa shika hapo. Ule ughali na ule upolepole ndio ulikuwa ulinzi. Kompyuta yenye hesabu za duka ilikuwa mtandaoni dakika chache kwa siku, siku nyingine haiingii kabisa. Ni kama nyumba isiyoibiwa kwa sababu barabara yake ni matope hadi magotini. Hakuna aliyejenga hiyo kinga, na ilipoondoka hakuna aliyeaga.

Intaneti yenyewe haikuzaliwa na kufuli. ARPANET ilipoanza 1969 iliunganisha vyuo na maabara za Marekani, watu wanaojuana. Kisha tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Cornell anayeitwa Robert Morris aliachilia programu inayojisambaza yenyewe. Mashine zinazokadiriwa kufika 6,000 zililemewa, wakati mtandao mzima ulikuwa na kama 60,000 hivi. Njia moja iliyotumia ilikuwa kubahatisha manenosiri dhaifu. 1988, wasee! Na mimi bado naona "12345678" imebandikwa kwa karatasi juu ya kaunta.

Baada ya hapo ndipo fayawoli zikaanza kuchukuliwa kwa uzito: mashine inayokaa katikati kama soja wa ploti, inauliza unatoka wapi na unaenda kwa nani. Halafu 1994 ikaja mbinu ya NAT, ile inayofanya kompyuta zote za ofisi zitumie anwani moja kwa nje. Zile namba za 192.168 unazoona kwa rauta yenu zinatoka enzi hizo. Lengo halikuwa usalama, anwani ndizo zilikuwa zinaisha. Lakini ikatupa ulinzi wa bahati, maana mtu wa nje hawezi kuifikia kompyuta ya ndani moja kwa moja, mpaka wewe mwenyewe umtobolee shimo.

Na sisi tumetoboa.

Katikati ya 2009 kebo za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa. Mimi naweka huo mwaka pale juu kabisa katika historia ya biashara zetu, na sitanii. Bei ilianza kushuka, kasi ikapanda, na polepole intaneti ikageuka kuwa kitu kisichozimwa. Ila tabia zikabaki za enzi ya modemu: mfumo wa mauzo, simu za wafanyakazi, kamera za CCTV na waifai ya wateja, zote kwenye kapu moja.

Turudi kwa "nani atanidukua?" Jibu ni kwamba hakuna mtu anayekuchagua. Ni programu zinazobisha kila anwani duniani, mchana na usiku. Mwaka 2016, Mirai iliteka kamera na vifaa vingine vya mtandaoni kwa kujaribu manenosiri kama 60 tu, yale ya kiwandani, ya aina ya admin na admin. Vifaa hivyo vilitumika kushambulia kampuni ya Dyn mwezi Oktoba, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Na ukidhani udogo ni kinga, waulize Target wa Marekani. Mwaka 2013 waliibiwa data za kadi milioni 40 hivi. Wezi walipitia kampuni ndogo ya mafundi wa friji iliyokuwa na nenosiri la kuingia kwa mfumo wa Target. Mdogo ndiye alikuwa mlango.

Shangazi yangu ana duka la nafaka. Fundi aliyemwekea kamera alitoboa rauta ili azione akiwa kwake, akaacha nenosiri la kiwandani, na kamera zikakaa mtandao mmoja na kompyuta ya mauzo. Nilipomwambia akanijibu, "Kwani nani anataka kuona mchele wangu?" Shangazi, si mchele. Ni daftari la madeni, ni namba za simu za wateja wote. Na kukata intaneti hawezi, maana KRA wanataka invoisi za eTIMS.

Tulikaa jioni moja. Tukabadilisha manenosiri ya rauta na kamera, tukaziba lile shimo. Waifai ya wageni ikawekwa kando, kompyuta ya mauzo ikabaki na mtandao wake. Windows ikaachwa ijisasishe yenyewe. Hesabu zinanakiliwa kila Jumamosi kwenye diski inayochomolewa na kwenda nyumbani, kwa sababu diski iliyochomekwa daima itafungwa na wadukuzi pamoja na kompyuta. Rauta yake tayari ilikuwa na uwezo wa kutenganisha mitandao, kwa hivyo gharama ilikuwa diski tu. Kilichomuuma zaidi ni kuwanyima vijana wa kaunta nenosiri la mtandao wa mauzo. Walinuna wiki nzima.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema data za watu zikivuja kwa njia inayoweza kuwadhuru, mwenye biashara ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu ajue. Nilimuuliza shangazi angejuaje. Akafikiria kidogo, akasema labda mteja angempigia simu.