Hesabu za "mtu wetu" nani atauliza?

Hapa Nyacheki hakuna mtu anahitaji kuelezwa bonasi ya chai ni nini. Ni karo, ni mabati, ni deni la duka. Kwa hivyo acha niseme kitu ambacho wazee wengine hawatapenda: hesabu zetu haziharibiwi na kalkuleta. Zinaharibiwa na undugu.

Zamani Wagusii tulikuwa na egesangio. Leo majirani wanalima kwako, kesho kwa mwingine, zamu kwa zamu. Hakukuwa na karatasi hata moja, na bado kudanganya ilikuwa ngumu. Kila mtu aliona nani alikuja na jembe na nani alijifanya mgonjwa. Wakaguzi wa hesabu walikuwa walimaji wenyewe.

Halafu pesa ikaja. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika wa Kisii na Meru kupanda kahawa, zao ambalo walowezi walitaka libaki lao. Vyama vya ushirika vikafuata. Mwaka 1964 ikaanzishwa KTDA, na 2000 ikawa kampuni ya wakulima wenyewe. Angalia kilichobadilika: hesabu ilitoka shambani ikaingia ofisini, mahali hatuoni. Lakini kura mara nyingi bado tunapiga kwa ukoo. Dairekta anapita kwa sababu ni "mtu wetu", si kwa sababu anajua kusoma taarifa ya fedha.

Wasomi wameliona hili. Mwaka 1988 Sidney Gray aliandika kwamba utamaduni wa watu unachangia wahasibu wao kuwa wazi au wasiri. Alijenga juu ya kazi ya Geert Hofstede, ambaye kwa vipimo vyake aliweka Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia kwenye kapu moja. Kapu moja, jameni! Na tangu 1999 Kenya inatumia viwango vya kimataifa vya uhasibu. Sawa, lakini viwango haviinui mkono mkutanoni. Mtu ndiye anainua.

Na sisi tuna chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake. Siwezi kumwaibisha mtu wa rika la baba yangu mbele za watu. Juzi nilimpeleka shosho kwenye mkutano wa wakulima, sitasema wapi. Kwenye ripoti kulikuwa na mstari wa "gharama nyinginezo", na ulikuwa mnene kuliko mstari wa mbolea. Nikanyamaza. Kijana mmoja alijaribu kuuliza akaambiwa, "Huyu ni mtoto wetu, unataka kutuaibisha?"

Lakini chinsoni hiyohiyo ina mlango. Mjukuu na nyanya wanataniana bila shida. Nikamnong'onezea shosho ule mstari. Akasimama na fimbo yake, akauliza taratibu, "Mwanangu, hizo nyinginezo ni gani?" Ukumbi ukanyamaza. Hakuna aliyethubutu kumwambia akae.

Jibu lilikuwa "tutaleta mkutano ujao". Basi tutakuwepo.

Msiniambie utamaduni ndio adui wa hesabu safi. Utamaduni uliotuletea egesangio ulikuwa mkali kuliko mkaguzi yeyote. Tulichofanya ni kuchukua undugu tukauweka kwenye kura, halafu tukaacha macho shambani. Wewe mwenye shosho mwenye hisa, umewahi kumsomea ile ripoti?