Historia ya Taa Chini ya Bahari

Ikiwa uko pamoja na kikundi chako, mmoja wenu asome kwa sauti, na wengine wafuate kwa macho.

Leo tutasoma habari za taa. Si taa ya nyumbani, wala si karabai ya wavuvi wa dagaa. Ni taa aichukuayo mtu anapozama baharini kupiga picha za samaki na matumbawe. Labda utauliza, "Taa ya nini, na jua linawaka?" Swali lako ni zuri. Tuanze hapo.

Maji hula nuru. Tena hayali rangi zote sawasawa. Rangi nyekundu hupotea kwanza, katika mita chache tu. Mzamiaji akishuka mita kumi na kitambaa chekundu, atakiona kama cheusi au cha kijivu. Akiwasha taa karibu nacho, mara wekundu unarudi. Basi mwenye kupiga picha chini ya maji bila ya taa hupata picha ya buluu, hafifu, isiyo na uhai.

Watu walijifunza jambo hili kwa taabu. Mwaka 1856, huko Weymouth katika Uingereza, Bwana William Thompson alitia kamera ndani ya sanduku akaishusha baharini kutoka katika mashua. Maji yakaingia sandukuni. Picha ilitoka, lakini ilikuwa hafifu sana.

Mwaka 1893 alitokea Mfaransa, Bwana Louis Boutan, mtaalamu wa viumbe vya bahari. Alifanya kazi Banyuls-sur-Mer, kusini ya Ufaransa. Ndugu yake alimsaidia kubuni sanduku la shaba la kuzuia maji. Boutan alivaa nguo nzito za mzamiaji, akashuka mwenyewe. Lakini kwa nuru ya jua peke yake, picha moja iliweza kuhitaji hata nusu saa. Sasa fikiri, ni samaki gani atakayekaa kimya nusu saa akingoja kupigwa picha?

Kwa hiyo Boutan akatafuta taa. Fundi wa umeme, Bwana Chauffour, alimtengenezea chupa ya kioo yenye hewa ya oksijeni na utepe wa madini ya magnesi, ambayo huwaka kwa mwanga mweupe mkali. Chupa hiyo iliweza kupasuka kwa joto. Halafu wakatengeneza pipa kubwa la hewa. Juu ya pipa kulikuwa na taa ya spiriti iliyofunikwa kwa kioo. Boutan alibonyeza mpira, unga wa magnesi ukapulizwa juu ya moto, na mwanga ukalipuka. Lakini pipa lilikuwa kubwa na zito, na kulipeleka huku na huku ilikuwa kazi ya jasho. Mwisho, mwaka 1899, alitumia taa za umeme wa betri, na kwa taa hizo akapata picha katika kina cha mita 50.

Mwaka 1926 Wamarekani wawili, Bwana William Longley na Bwana Charles Martin, walikwenda kwenye visiwa vya Dry Tortugas, karibu na Florida. Walitaka picha za rangi. Sahani za rangi za siku zile zilihitaji nuru nyingi mno. Kwa hiyo waliweka unga wa magnesi juu ya chelezo, wakaulipua wakati kamera ikifunguka chini ya maji. Walifaulu, na mwaka 1927 picha zao zilichapishwa katika gazeti la National Geographic. Lakini siku moja unga uliwaka kabla ya wakati wake, ukamwunguza Longley vibaya. Unaona, mwanafunzi, picha unayoitazama kwa dakika moja ukiwa umekaa kitini, huenda mtu aliilipa kwa ngozi yake.

Baadaye Bwana Harold Edgerton wa Marekani alitengeneza taa ya umeme inayomweka kama radi, kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tangu mwaka 1953 alifanya kazi pamoja na Mfaransa Jacques Cousteau, nahodha wa meli Calypso. Mabaharia wa meli hiyo walimpa jina la utani, "Papa Flash".

Taa ya kumweka ni nzuri, lakini ina upungufu mmoja. Humweka mara moja, kisha giza. Kabla ya hapo mpiga picha haoni vizuri alengapo, na kamera nayo haiwezi kulenga gizani. Kwa sababu hiyo wazamiaji huchukua taa ya pili, ndogo, inayowaka daima. Hiyo tuiite taa ya kulengea.

Je, taa ya kulengea ichaguliwe namna gani? Watu wengi hudhani taa kali kupita zote ndiyo bora. Sivyo. Umepata kuona taa za lori usiku penye ukungu? Zikizidi ukali, huoni barabara, unaona ukungu mweupe tu. Ndivyo ilivyo baharini, kwa maana maji yana chembe nyingi za uchafu. Kwa hiyo tazama mambo haya:

Kwanza, mwanga wake uenee sawasawa, usiwe na doa kali katikati.

Pili, uweze kupunguzwa.

Tatu, ikiwezekana, iwe na mwanga mwekundu pia. Viumbe wengi wa bahari hawauoni vizuri mwanga huo, basi hawakimbii. Lakini kumbuka tuliyosema: maji hula wekundu upesi, basi utakufaa kwa vitu vya karibu tu.

Nne, betri idumu muda wote wa kuzama, na mpira wa kuzuia maji uwe mzima. Kumbuka sanduku la Bwana Thompson.

Jambo hili si mchezo wa matajiri tu. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakafa. Aliyekuwa na picha nzuri za zamani aliweza kuonyesha kilichopotea. Asiyekuwa nazo alibaki na maneno tu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini kitambaa chekundu hugeuka rangi chini ya maji?
2. Taa ya Boutan ya mwaka 1899 ilipita pipa lake kwa jambo gani?
3. Kwa nini taa kali mno huweza kuharibu picha?

Andika majibu yako katika daftari. Kwaherini, mpaka somo lijalo.