Mayai ya Trauti na Mikono ya Nairobi

Jina la Nairobi limetokana na maneno ya Kimasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na mto wenye jina hilo huchimbuka katika kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, ukateremka kwa viunga vya magharibi hata ukapita chini ya Chiromo kabla ya kuukabili mji. Hapo Chiromo, penye madarasa ya Chuo Kikuu cha Nairobi hivi leo, ndipo alipokuwa na nyumba Ewart Grogan, Mwingereza aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hata Cairo. Na ingawa barabara iliyoitwa kwa jina lake katikati ya mji ilikwisha kubadilishwa ikawa Kirinyaga, mafundi wa magari walio pale wangali wakipaita Grogan.

Mtu huyo ndiye aliyeleta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905, yakatiwa katika Mto Gura unaoteremka kutoka Milima ya Nyandarua. Yai la samaki huyu halizidi sana punje ya mtama, nalo hufa upesi likipata joto. Basi msomaji na atafakari taabu ya kulivusha bahari, kulipitisha Mombasa penye hari, na kulipandisha bara kwa reli iliyokuwa haijatimiza hata miaka 10 tangu kufika Nairobi, kisha kulifikisha katika milima isiyokuwa na barabara, ambako hapakuwa na chombo ila mabega ya wapagazi. Tarikhi imehifadhi jina la mwenye mayai, lakini wapagazi haikuwataja.

Mwaka 1910 wakafuata trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, na mwaka 1948 likaanzishwa shamba la kuzalisha vifaranga huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Wagikuyu, ambao mito ya milima hiyo ilikuwa yao, hawakuwa na desturi ya kula samaki. Mto kwao ulikuwa wa kuchota maji na kunywesha mifugo, wakashangaa kuona watu wazima wakisimama ndani ya maji ya baridi kutwa nzima, tena kwa leseni, kwa ajili ya samaki.

Lakini khabari iliyo kubwa zaidi kwangu ni ya nzi. Trauti hula wadudu, na mvuvi wake hatumii nyungunyungu wala dagaa, bali hutupa nzi wa bandia, na nzi huyo hana budi kutengenezwa na mtu. Ufundi huo, uliorithiwa tangu enzi ya ukoloni, umekuwa riziki ya watu wengi wa Nairobi na viunga vyake. Fundi hubana ndoana katika jiliwa dogo, akazungusha uzi kuanzia penye tundu hata penye kizingo, akafunga mkia, akaujenga mwili kwa manyoya ya mnyama au sufi, kisha akachukua unyoya mmoja wa shingo ya jogoo na kuuzungusha mpaka nyuzi zake zikasimama kama miguu ya mdudu. Mwishoni hupiga fundo penye kichwa na kulitia tone la vanishi. Kosa la upana wa uzi mmoja latosha kumharibu nzi, naye hana budi kufunguliwa na kuanzwa upya. Wengi wenye vidole hivyo hawajapata abadan kushika ufito wa kuvulia, wala kumwona trauti majini, na hata hivyo wajua, kwa kipimo cha jicho tu, namna samaki huyo anavyodanganyika.

Haifai kuiandika tarikhi ya uvuvi huu kwa kumtaja Grogan peke yake. Aliyeleta mayai alileta mara moja. Mafundi hawa wamefunga nzi kizazi baada ya kizazi, na nzi wao huuzwa Marekani na Uingereza, hata katika Scotland yenyewe yalikotoka mayai yale.