Rubani Aliyewasaidia Watu Kusikia

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tunaijua vita. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na daraja la Kyaka likavunjwa. Kila anayerudi salama kutoka vitani hukutana na swali: uhai niliobakiziwa ni wa kazi gani?

Kenneth Dahlberg wa Marekani alilijibu kwa kazi ya mikono. Alizaliwa 1917 Minnesota, akakulia shambani. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani wa ndege za kivita, akaangushwa mara tatu. Mara mbili aliwarudia wenzake. Mara ya tatu, 1945, alitekwa, akabaki mfungwa Ujerumani hadi vita vilipokwisha. Mwaka 1948 alianzisha kampuni yake, nayo ikazaa Miracle-Ear, kifaa kidogo cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni. Alifariki 2011.

Ilikuwa biashara, wala hatumfanyi mtakatifu. Lakini alimtazama mtu ambaye wengi humpita. Katika Marko 7, Bwana Yesu alimtenga kiziwi na umati kabla ya kumponya. Alimpa nafasi yake peke yake.

Makanisani mwetu wapo wazee wanaoitikia "Amina" kwa kutazama midomo ya jirani. Vifaa ni ghali. Lakini kumsogeza mzee benchi la mbele, kumtazama usoni na kusema naye taratibu, hakuhitaji kiwanda. Tuanzie hapo.